Filimbi ya Mwalimu wa Zamu

Kabla sijasema lolote, mjue kwamba filimbi niliipuliza mimi. Wapo wanaosimulia habari za siku ile mpaka leo wakisema "filimbi ikalia", utadhani ilikuwa na mapafu yake. Wapi! Niliipuliza mwenyewe, kwa pumzi yangu na hasira yangu, mbele ya uwanja mzima, saa iko mkononi na karatasi iko mfukoni.

Nilikuwa nafundisha shule moja ya msingi upande wa Buswelu, nje ya Mwanza, mji ukiwa bado haujafika kule. Ilikuwa miaka ya tisini, biashara imefunguliwa, kila mtu anauza kitu. Mwenzetu wa hesabu aliacha chaki akaenda kiwanda cha samaki kukata minofu ya sangara. Siku aliyopita kutusalimu amevaa mabuti meupe ya kiwandani tulimcheka mbele yake, na alipoondoka tukamwonea wivu. Tuliobaki tuliuza barafu, maandazi, mafuta ya taa. Mimi niliuza mitumba ya watoto. Kengele ya kufunga shule ikilia, ofisi ya walimu ilikuwa tupu kabla mlio haujaisha.

Hilo liliniudhi kuliko kitu chochote. Nimekulia Majita, mkoa wa Mara, kando ya ziwa, nyumba ya kanisani, na tangu nikiwa na miaka kumi na mbili sijawahi kukaa bila kikundi cha kuimba nacho. Ijumaa moja nikasimama katikati ya ofisi nikawafokea wenzangu: "Jamani, hivi sisi ni walimu au ni abiria wa basi moja? Mbona hatujuani?" Wakanitazama. Mmoja akasema basi tuanzishe timu ya netiboli. Mwingine akasema kwaya. Mwalimu Mkuu, ambaye naye alikuwa mtu wa Mara na mzee wa kanisa, akasema lolote ni sawa mradi lisiingilie vipindi.

Ndipo kutoka kwenye kona mwalimu wa darasa la nne akasema, "Tucheze bugobogobo."

Tukacheka wote, kwa sababu yule bwana hakuwa na kawaida ya kusema kitu vikaoni. Alikuwa Msukuma wa ndani kabisa, amepita arobaini, mikono mipana, sauti ya chini. Aliingia ualimu wakati ule wa kampeni ya kusomesha watoto wote, walipochukuliwa waliomaliza darasa la saba wakafundishwa wakiwa kazini. Daraja lake lilikuwa C. Mimi nilikaa chuoni miaka miwili, daraja A, na sikuwa mtu wa kuwaacha watu wasahau. Lakini bugobogobo ni ngoma ya majembe, ngoma ya wakulima wa kwao, na ilionekana kijana wa kiume hazaliwi nyumbani kwao bila kuijua. Siku ya pili alileta ngoma zake mbili kubwa kwa baiskeli. Alipozipiga chini ya kibaraza cha darasa la saba, mama wa maandazi alisahau mafuta jikoni.

Ndivyo kikundi kilivyoanza, walimu kumi na mmoja, kila Jumanne na Ijumaa baada ya masomo. Sijui niseme nini ili muelewe raha ile. Watu waliokuwa wanasalimiana kwa kichwa tu walianza kutaniana. Mwalimu Mkuu na kitambi chake alijifunza kurusha jembe na kulidaka. Mwalimu mmoja msichana, mgeni kazini, aliyekuwa analia chooni kila wiki kwa kukumbuka kwao Bukoba, aliacha kulia. Kiongozi wa kikundi walinichagua mimi, au labda nilijichagua mwenyewe wakakosa wa kunipinga.

Sasa yule mpiga ngoma wetu alikuwa na mzigo nyumbani. Mkewe aliamka asubuhi moja upande wa kushoto hausikii, mkono na mguu, na mdomo umekwenda pembeni. Kila Alhamisi bwana yule alimpeleka hospitali kubwa mjini kwa mazoezi ya viungo, kwa baiskeli, mke amekaa nyuma amefungwa naye kwa khanga mbili asianguke. Tulimshikia vipindi vyake vya Alhamisi kwa zamu. Ukimpa pole alikuwa anajibu, "Ng'ombe haelemewi na nundu yake, Mwalimu," anaendelea kusahihisha madaftari. Mwaka ule tunaozungumzia, yule mama alikuwa ameanza kushika kikombe kwa mkono wa kushoto. Alikishika kwa muda wa kuhesabu mpaka tano, kisha anakirudisha. Mumewe alitutangazia ofisini siku hiyo, na tulipiga makofi.

Mwezi haukupita, barua ya uhamisho ikaja. Darasa la nne linaachwa, mwalimu aende kisiwani.

Wasiowahi kuwa walimu hawajui uhamisho ni nini. Unaweza kuogopa njaa, unaweza kuogopa ugonjwa, lakini bahasha ya kaki kutoka ofisi ya elimu inapita yote hayo. Na kisiwani! Msiba wa meli ulikuwa bado mbichi, Mwanza nzima hakuna nyumba isiyomjua mtu aliyezama. Kule kisiwani kulikuwa na zahanati moja ya vidonge vya malaria. Hakukuwa na mtu wa mazoezi. Yule bwana aliisoma barua, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni akaenda darasani.

Mimi sikuweza kunyamaza. Niliichukua ile barua, nikamkokota Mwalimu Mkuu tukaenda nayo kwa afisa elimu mwenyewe, ambaye sisi tulimwita Mkubwa. Alitusikiliza akichokonoa meno. Nilimweleza habari za mke, kikombe, Alhamisi, yote. Akasema visiwa vina watoto pia, na watoto wa visiwani wana haki ya mwalimu. Hilo nalo lilikuwa kweli.

Kisha akaegemea kiti. "Huyu ndiye anayewapigia ngoma? Nasikia mna kikundi."

"Ndiye," nikasema.

Uso wake ukafunguka. Alikuwa mpenzi wa ngoma kufa. Akasema, "Sikilizeni, walimu. Mwezi ujao kuna mashindano kule karibu na Bujora. Nitawaombea mcheze na wale wakulima wa Kisesa, mabingwa. Mkiwashinda, barua hii naichana mbele yenu, maana mtu wa namna hiyo siwezi kumpoteza. Wakiwashinda wao, bwana apande meli." Akacheka sana. Mwalimu Mkuu naye akacheka kwa adabu. Mimi niliangalia barua mezani kwake. Aliitia kwenye droo akaifunga.

Njiani Mwalimu Mkuu alisema yule mtu anatania. Nikamwambia, "Mzee, mtu anayetania hafungi droo."

Hapa lazima nieleze mashindano ya ngoma ya Usukuma yalivyo, maana si kama ya kwaya. Hakuna waamuzi wa kuandika alama. Makundi mawili yanacheza wakati mmoja, uwanja mmoja, hatua hamsini tu kati yao, na watu wako huru. Wakipenda hapa wanakuja hapa, wakisikia kitamu kule wanakimbilia kule. Filimbi, kijembe cha maneno, kichekesho, kila kitu kinaruhusiwa ili kuvuta watu. Muda ukiisha, upande wenye watu ndio umeshinda. Upande uliobaki mtupu hauhitaji kuambiwa.

Nilirudi nyumbani sikulala vizuri. Mke wa mtu, mkono wa mtu, vyote viko juu ya miguu ya walimu kumi na mmoja ambao nusu yao hawakuwa Wasukuma! Nikafanya nilichofundishwa kufanya nikiwa na jambo zito. Nikachukua karatasi, nikapiga mistari, nikaandika andalio la somo.

Msicheke. Niliandika kweli. Utangulizi, dakika tano, kuingia kwa mstari. Hatua ya kwanza, dakika kumi, majembe chini. Hatua ya pili, dakika kumi, nyimbo za utani. Hatua ya tatu, dakika kumi na tano, majembe juu, ngoma kwa nguvu zote mpaka mwisho. Pembeni nikaweka safu ya kazi ya mpiga ngoma na safu ya kazi ya wachezaji. Nililinakili ubaoni, na mazoezi yote tukayafanya kwa saa yangu. Mtu akikosea, nilipuliza filimbi ya zamu, wote tunasimama, nasema, "Rudia!" Filimbi ya zamu shuleni kwetu ilikuwa sheria. Ikilia, mwalimu na mwanafunzi wanasimama palepale walipo, hata kama mguu uko hewani, mpaka aliyepuliza aseme endeleeni.

Yule bwana alivumilia siku tatu. Siku ya nne alikuja mezani kwangu, akasimama akiwa ameshika kofia.

"Mwalimu," akasema, "ngoma haina dakika. Ngoma inaangalia watu."

"Hata kipindi kina watu," nikamjibu, "na kina dakika arobaini."

"Ni kweli. Lakini hapa tunafanya mazoezi hakuna watu. Siku ile watu watakuwepo. Kuna mambo siwezi kuyaonyesha kabla hawajaja."

Mwenzetu mmoja akadakia, akasema kwa sauti ya chini kwamba wale wa Kisesa wana mganga, na sisi tusijifanye watakatifu, tutafute dawa ya mvuto. Mwalimu Mkuu akaruka kutoka kitini. Kanisa lingemtenga! Yule bwana akatabasamu, akasema, "Dawa ipo, Mkuu, msiwe na wasiwasi. Ni ya mkononi tu. Mtaiona."

Nikasema sitaki kusikia habari za dawa katika kikundi changu, na kwamba atafuata andalio kama wenzake. Nakumbuka nilisema "kikundi changu". Nakumbuka pia nilivyofikiri moyoni: mtu wa daraja C, nampigania asiende kisiwani, halafu ananibishia. Akaniangalia kidogo, akasema, "Haya, Mwalimu," akavaa kofia yake.

Siku ikafika, Jumamosi, jua kali. Tulikwenda kwa lori la mchanga. Wanafunzi wetu, darasa la nne karibu lote, walikuja kwa miguu na sare zao, maana niliwaagiza waje na sare. Wazazi nao walikuja, na watu wa Kisesa, na watu wa mnadani waliopitia na ng'ombe wao. Mkubwa alikaa katikati, kwenye kiti, chini ya turubai, mbele yake soda. Mpiga ngoma wetu alimleta mkewe kwa baiskeli akamkalisha kwenye mkeka nyuma ya ngoma. Nilikwenda kumsalimu yule mama. Alinipa mkono wa kushoto. Nilijua kwa nini ameutoa huo, na nikauminya, vidole vikanijibu kidogo.

Wakulima walianza kwa kishindo, watu wakamiminika kwao, na kwa dakika kumi na tano za mwanzo tulichezea wanafunzi wetu na mbwa wawili. Nilimwona Mkubwa anageuza kiti kuelekea kule. Mwalimu Mkuu jasho linamtiririka, msichana wa Bukoba midomo imekauka. Nikajiambia, Mungu wangu, tusife hivi.

Halafu hatua ya pili, zile nyimbo za utani, zikakamata. Mwalimu Mkuu aliimba ubeti wa kumsema mwalimu aliyekimbilia kukata minofu, kwamba sasa hata paka wa mtaani wanamwamkia shikamoo. Watu wakacheka. Kumi wakavuka kuja kwetu, kisha ishirini, kisha akina mama wa mnadani wakaja kwa mkupuo na vikapu vyao. Uwanja ukagawanyika karibu nusu kwa nusu. Mkubwa akageuza kiti katikati tena. Jamani, niliona kabisa barua inachanika. Niliangalia saa. Hatua ya tatu imewadia: majembe juu, ngoma kwa nguvu zote. Nikainua mkono.

Ngoma ikashuka.

Sijui nieleze vipi. Haikunyamaza, ila ilishuka, ikawa chini, chini zaidi, mpaka ikawa kama mtu anayebisha mlango wa mgonjwa. Niligeuka. Yule bwana amefumba macho, viganja vinagusa ngozi tu. Wachezaji wakachanganyikiwa, majembe yako nusu juu, msichana wa Bukoba akapoteza hatua akagongana na Mwalimu Mkuu. Nikaona watu wanajongea, mstari wote wa mbele umeanza kutikisika, na kwa macho yangu ya hofu niliona wanaondoka. Nikafikiri: amechoka. Nikafikiri: ameogopa, amekata tamaa, anatuzamisha, tena kwa mambo yake mwenyewe! Hasira ikanipanda kutoka miguuni. Na kwa nini asifuate? Kwa nini hafuati wakati nimemwandikia?

Nikapuliza.

Kila kitu kikasimama. Wachezaji wote wakaganda, majembe hewani. Mikono ya mpiga ngoma ikasimama juu ya ngozi. Na wale watoto wa darasa la nne na sare zao wakaganda wote, wima, mikono ubavuni. Katika kimya kile nikasikia sauti yangu mwenyewe inasema, ile sauti ya darasani, "Rudia! Toka hatua ya tatu!"

Mwanamume mmoja nyuma akasema, "Haya, wamegonga kengele ya uji!" Kicheko kikapasuka. Mwingine akapaza sauti, "Mwarimu, naomba kwenda kujisaidia!" Hata akina mama wa mnadani waliweka vikapu chini ili wacheke vizuri. Na wakati wanacheka, upande wa pili ngoma ya wakulima ikashuka.

Ikashuka vilevile kama ya kwetu. Mpaka chini. Watu wakaacha kucheka, wakageuza shingo, kisha wakaanza kwenda, taratibu, mabega mbele, kama wanavyokwenda watu wanaotaka kusikia siri. Walisogea mpaka wakagusana na wachezaji. Na walipokwisha kubanana pale, ngoma ya wakulima ikalipuka, majembe yote yakaruka juu kwa mara moja, na uwanja mzima ukapiga kelele.

Hapo ndipo nilipoelewa. Ile ndiyo ilikuwa dawa ya mkononi. Watu hawakuwa wanaondoka kwetu. Walikuwa wanakuja.

Tulirudia, ndiyo. Tulianza toka hatua ya tatu, ngoma kwa nguvu zote, majembe juu, kama ilivyoandikwa. Hakuna aliyegeuka kututazama. Mbele yetu walibaki watoto wa darasa la nne peke yao, bado wamesimama wima jua likiwachoma, kwa sababu sikuwa nimewaambia endeleeni. Wazazi wao walikuwa upande wa pili. Nilipowaona machozi yalinitoka na sikuyafuta.

Mkubwa alisimama, akajikung'uta suruali. Alipita karibu nasi akatikisa kichwa akasema, "Walimu, bwana!" Hakusema kwa ubaya. Jumatano barua ikafika shuleni, ileile, ila sasa ina muhuri.

Ofisini hakuna aliyenilaumu, na hilo ndilo lililoniua. Nikiingia, maneno yanakatika. Mazoezi ya Ijumaa hakuna aliyeyataja. Mwishowe msichana wa Bukoba, mdogo kuliko wote, akanifuata kwenye bomba la maji akaniambia, "Mwalimu, shikamoo. Naomba nikuambie kitu. Watu walikuwa wanakuja." Nikamwambia najua. Akasema, "Mimi nilipoteza hatua, ndiyo maana ulipuliza. Ni mimi nimemponza." Maskini, alikuwa amebeba kosa langu siku zote hizo. Nikamwambia hapana, mwanangu, si wewe, na nilitamani ardhi ipasuke.

Mpiga ngoma mwenyewe alikuwa vilevile. Mwangaluka, Mwalimu, asubuhi. Kwaheri, Mwalimu, jioni. Nilimkwepa wiki mbili nzima, mimi, mtu ninayemfokea hata mkaguzi. Nilingoja mpaka siku ya safari.

Nilimkuta bandarini asubuhi, foleni ya watu na magunia. Mke amekaa kwenye mkeka na vyombo vyao. Walikuwa na dada anayekaa Mirongo, mjini, na mipango ilikuwa mama abaki huko aendelee na Alhamisi zake, lakini alikataa. Alisema kwa mdomo wake ule mzito kwamba hakuolewa na hospitali. Kikombe cha chai kilikuwa mkononi mwake, mkono wa kushoto, na mumewe amekinga kiganja chini yake.

Nilipiga magoti pale pale kwenye simenti. Nikasema, "Kaka yangu, nimekukosea. Nimewakosea wote wawili. Sikujua."

Yule mama akanitazama tu. Bwana akasema, "Inuka, Mwalimu. Watu wanatuangalia."

"Lakini wewe ulijua," nikasema. Ilinitoka kwa hasira, maana hata nikiomba msamaha mimi nafoka. "Ulijua watu wanakuja. Ulijua barua iko kwenye droo. Kwa nini ulisimama? Ungeendelea tu kupiga! Filimbi ni kitu gani?"

Alichukua kikombe kwa mkewe, taratibu, akakiweka chini. Akafikiri.

"Wale watoto walikuwepo," akasema. "Mimi nawaambia kila siku, mwalimu wa zamu akipuliza, unasimama. Kila siku nawaambia. Sasa ningeendelea kupiga, wangekuonaje wewe Jumatatu?"

Akanionea huruma, akabadilisha habari. Akasema darasa la nne wako kwenye kugawanya kwa tarakimu mbili, bado hawajakaa sawa, niwe mvumilivu nao. Kisha wakaitwa. Alimwinamia mkewe, akamfunga mgongoni kwa khanga zilezile mbili, akapanda naye ngazi ya meli.

Walikaa kisiwani miaka sita. Mkono ule haukuendelea. Kikombe ndicho kilichokuwa mwisho wake, na baada ya muda hata kikombe ulikisahau. Hili nililisikia kwa mtu mwingine, maana yeye katika barua zake aliandika tu kwamba ni wazima na samaki ni wengi.

Jumatatu baada ya meli kuondoka, Mwalimu Mkuu alinipa darasa la nne. Niliingia na filimbi shingoni, wakasimama, "Shikamoo mwalimu," wakakaa. Nikaandika ubaoni hesabu ya kugawanya, nikamwita mtoto mmoja wa kike wa dawati la mbele. Alianza vizuri. Katikati akasimama, chaki imeshuka ubavuni, kimya. Nikaona amekwama. Neno lilikuwa tayari mdomoni, mnalijua. Nikageuka kulitazama darasa, na darasa zima lilikuwa limeinama mbele, watoto arobaini na zaidi, hakuna anayekohoa, wanamngoja mwenzao.

Nikafunga mdomo nikangoja nao.

Alikaa hivyo muda mrefu kuliko ninavyoweza kuvumilia. Kisha akainua chaki akaandika jibu, lote kwa mara moja, na lilikuwa sahihi. Watoto wakapiga kelele wakapiga na madawati. Nikamuuliza, mbona ulinyamaza? Akasema, "Mwalimu wetu alituambia tukikaribia jibu tushuke kwanza."

Nilivua filimbi nikaiweka mezani. Nikakaa kwenye kiti cha yule bwana nikalia mbele yao, nao wakanitazama, na hakuna hata mmoja aliyesogea.